Nilimwita Fundi Mmoja wa Kompyuta, Wakaja Watatu

Jamani, leo nimempigia simu mtu mmoja, wakaja watatu.

Mnajua nilinunua kompyuta ili nipate habari za Mama kwa barua pepe. Kaka yangu yuko naye hospitalini Moshi, na simu hukatika kila mara.

Asubuhi nikaanza kuweka mfumo wa kuiendesha. Ikagoma: haioni diski kuu. Nikaanza upya. Haioni. Mimi mwoga, mnanijua. Nikadhani nimeunguza kitu, nikampigia Kaka Elisha wa kanisani kwetu, fundi wa kompyuta, anayekaa Coon Rapids, mji wa jirani huku ughaibuni.

"Usiguse kitu. Nakuja."

Kwa theluji ile! Nikafurahi, nikabandika chai.

Akaingia na mkewe, Dada Rehema, pamoja na mchungaji wetu. Rehema alikuwa amejifunga khanga juu ya koti. Nami nikatania, "Mchungaji naye siku hizi fundi?"

Hakuna aliyecheka.

Elisha akafungua kompyuta, akanionyesha waya wa diski ulivyochomoka upande mmoja. Akausukuma kwa kidole gumba. Tukawasha, diski ikaonekana. Nikapiga makofi peke yangu.

Ndipo akasema, "Sasa kaa chini, mdogo wangu."

Rehema akanishika mkono.

Kumbe kaka yangu wa Moshi alikuwa amempigia Elisha alfajiri, ili nisiambiwe nikiwa peke yangu.

Mama hatunaye tena.

Kompyuta inafanya kazi. Hii ndiyo barua yangu ya kwanza. Mliomjua Mama, niandikieni chochote mnachokumbuka, hata kidogo. Nimekaa mbele ya kompyuta nasubiri.

Rehema ameipasha tena ile chai.