Kuni Kwenye Kona ya Lukozi

Harufu ya kuni mbichi za mkalitusi ikinipata, narudi kwenye mbio za shule, barabara ya Lukozi, ukungu umetanda, miguu peku kwenye tope jekundu. Dada yangu alikuwa mbele yetu wote. Mshindi angepanda lori kwenda kushindana Tanga.

Kwenye kona, bibi mmoja alikuwa ameanguka na mzigo wake wa kuni. Dada alisimama. Wenzetu wakampita, na kila mmoja, kwa adabu tuliyolelewa nayo, akapaza sauti bila kupunguza mwendo: “Shikamoo, bibi!” Mimi wa mwisho, kama kawaida yangu, nilimkuta anamfuta bibi tope magotini.

Mwalimu alimwita dada mbele, mstarini. “Huyu ndiye mwanamichezo, na ndiye mjamaa wa kweli. Mpigieni makofi.”

Tulipiga. Lori likaondoka na mwingine.

Leo dada anapanda barabara ileile, kuni kichwani, nami nyuma yake. Watoto wa shule wanakuja mbio. Anajibanza ukingoni kuwapisha.

“Shikamoo, bibi!” wanasema, wakipita.

“Marahaba, wajukuu zangu,” anaitikia. “Kimbieni. Msisimame.”