Nafasi Iliyoachwa Ndani ya Tangi

Mjomba wangu ni mfugaji wa Rurambo, huko milimani, na kwa miaka mingi gari lake la jipu ndilo lililoteremsha maziwa ya majirani hadi Uvira. Petroli ilipoanza kukosekana aliniambia ataliuza. Fundi mmoja wa Uvira alimwomba ajaribu kwanza gesi ya kupikia. Wakakubaliana hivi: gesi ikilipandisha jipu hadi Rurambo likiwa na mzigo, litabaki; ikishindwa, litauzwa wiki hiyohiyo.

Nilikaa karakanani siku mbili nikitazama. Tangi la gesi lilikuwa la chuma, umbo la ngoma iliyolazwa. Fundi aling'oa benchi la nyuma, akatoboa sakafu, akalifunga tangi kwa mikanda ya chuma na bolti ndefu. Kisha akapanda juu yake na kuruka mara mbili kupima kama limekaza. Bomba jembamba la shaba alilipitisha chini ya gari mpaka mbele, kwenye kifaa kinachotumia joto la maji ya injini kuigeuza gesi iliyo majimaji kuwa mvuke. Mwishoni tulikwenda depo ya gesi kulijaza tangi.

Mfanyakazi wa depo aliacha kujaza mshale wa kipimo ulipofika alama ya nane kati ya kumi. Fundi alikuwa ng'ambo ya barabara akinunua sabuni. Mjomba akainama kuutazama ule mshale.

"Bado kuko nafasi," alisema. "Ongeza."

Kwetu milimani chombo cha maziwa hakitolewi kikiwa pungufu. Anayekupa kisichojaa amekudharau. Yule mfanyakazi naye alikuwa mtu wa milimani, akaona haya kukataa, akajaza mpaka mshale ukagota. Nami niliona jambo la heshima tu, nikanyamaza. Fundi aliporudi alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, akapiga magoti kutazama kama gesi inavuja; mshale hakuuangalia. Hakuna povu lililotuna. Tukaondoka.

Saa sita mchana tulisimama karibu na Mutarule kupakia magunia ya chumvi na unga. Jua la uwanda wa Ruzizi lilikuwa juu ya paa la jipu. Tulipomaliza kupakia, kitu kililia chini ya gari, sauti ya nyoka mkubwa, na wingu jeupe likamwagika ardhini.

"Tokeni wote, upande wa juu," fundi alisema bila kupaza sauti. "Hakuna kushika telefone."

Wingu hilo la gesi halikupaa. Lilitambaa kuufuata mtaro, na chini ya mtaro mama mmoja alikuwa anachoma mahindi. Fundi alimfikia kwanza, mkononi ana kidumu cha maji.

"Mama, samahani, nazima makaa yako."

"Na mahindi yangu?"

"Nitayakula yote, hata mabichi."

Alimwaga. Mama alimtazama, akalitazama wingu, akajifunga kitenge vizuri na kupanda kuja tulipokuwa.

Mlio ulikoma wenyewe. Tulingoja hadi upepo wa ziwa uusafishe mtaro. Kisha fundi alituita tuone mdomo wa bomba la usalama, linalotoa gesi tangi likizidiwa. Katika joto lile lililotutoa jasho mpaka viatuni, ulikuwa umeota barafu nyeupe. Mjomba aliigusa kwa kidole, akaondoa kidole haraka, akakigusisha tena. Nilimwona akitembeza macho kutoka barafu hadi jua.

"Mulijaza mpaka juu," fundi alisema.

"Minye nilifikiri yule wa depo anatuibia."

"Weye uko muntu wa maziwa, mzee. Gaz ikipata jua inavimba. Tunaiachia nafasi. Leo kilango cha usalama ndicho kimekuachia weye hiyo nafasi."

Mjomba aliinamisha kichwa. Fundi akapaka povu upya, kiungo kwa kiungo, ndipo akaturuhusu kuwasha gari.

Mlima ulianza. Sikusikia harufu ya petroli, wala sikuona moshi nyuma yetu. Nilikuwa nimekaa mgongo ukigusa tangi, nikijua kwamba kitu kisichoonekana kinapita ndani ya bomba lisilozidi unene wa kidole, na kitu hicho kinabeba magunia, chuma na watu watatu kuelekea mawinguni. Kwenye kona kali kuliko zote, penye mawe yaliyolegea, sauti ya injini ilizama. Mjomba alirudi gia ya kwanza. Magurudumu yalizunguka mahali pamoja, mawe yakaruka nyuma yetu. Kisha injini ikakaza, pole kwa pole, ikatuvuta mpaka juu.

Uwanda wote ulikuwa chini yetu, na ziwa mbali likimeta. Fundi alitoa kichwa dirishani, akacheka peke yake.

Tulipofika Rurambo, wanawake wawili walitoka kwenye ua wao waliposikia gari. Mmoja aliuliza kama kesho litashuka, au atafute mtu wa kununua maziwa huku juu.

Mjomba alizima injini.

"Leteni maziwa alfajiri," alisema. "Tutashuka."