Koti la Wasiozaliwa

Bi Kikue Onodera amekuwa akikaanga tofu, vipande vya maziwa ya soya yaliyogandishwa, nyuma ya ukumbi wa mji wetu, huku kaskazini mwa Japani, tangu nikiwa mtoto. Magoti yake yamechoka, na alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: nyumba ya kuogea ya maji ya moto, ile aliyotuahidi Meya Hatakeyama kila uchaguzi ulipokaribia. Fedha zilitosha ama nyumba hiyo, ama ukuta wa kuuzuia mlima ulio juu yetu usituporomokee. Sasa ukuta nani ataupigia makofi?

Kwetu kuna desturi. Kabla ya mji kupiga kura, mkazi mmoja huvishwa koti la manjano, akasema kama mtu atakayeishi hapa miaka sitini ijayo. Kwa kawaida ni kichekesho tu, watu huomba magari yanayopaa. Safari hii bahati ilimwangukia Bi Kikue.

"Haya, mjukuu wetu," Meya alitania, "umetuletea salamu gani?"

Bi Kikue alifunga vifungo hadi shingoni. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya kitoto.

"Sijui niwasalimu vipi. Mko chini sana."

"Chini wapi?"

"Chini ya udongo. Sisi tunapita juu ya mapaa yenu."

Meya akacheka peke yake. "Bi Kikue, moshi wa tofu umekupanda kichwani! Vua koti tupige kura. Ambaye hajazaliwa hana kura."

Akalivua. Hakukumbuka hata neno moja alilosema. Mikono ilipohesabiwa, wake ulikuwa juu kabisa, kwa furaha: nyumba ya kuogea. Ikapita.

Sasa anaoga pale kila jioni, upande wetu wa wanawake, na magoti yamepata nafuu. Nilimfurahia kweli. Ila tukiketi kwenye vigoda kujisugua, yeye huvuta kigoda kingine kando yake, akakisuuza, akaweka na beseni dogo.

"Unamwekea nani, mama?" nilimuuliza jana.

"Huyu mtoto. Kwani humwoni? Haogi, anasimama tu hapo na koti lake la manjano." Akashusha sauti. "Kila siku ananiuliza kwa nini niliinua mkono. Nimjibu nini, mwanangu?"

Nilifungua bomba nijimwagie, na maji yakatoka na udongo.