Kitanzi Changu na Dume la Kasansa

Ofisini Mpanda tulikuwa tunatengeneza programu ya kuchuja orodha ya ng'ombe wanaosubiri chanjo. Mwenzangu, dada mmoja mpole, alitumia amri iliyokuja na lugha yenyewe ya kompyuta: mstari mmoja, basi. Mimi niliandika kitanzi changu mwenyewe, yaani amri zinazojirudia, cha kupitia ng'ombe mmoja mmoja, mistari tisa, nikijigamba kwamba kina kasi zaidi.

"Tupime basi," akasema.

Tukapima. Changu kilitangulia kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya, nami nikashangilia nikizunguka meza. Tukachapa orodha yangu.

Siku ya chanjo kule Kasansa, mama mmoja wa Kisukuma alifika akivuta dume kubwa jeusi. Nikalitafuta kwenye orodha, halimo.

"Kwani baba, dume langu limekufa lini?" akauliza.

Kitanzi changu kilikuwa kimesimama kabla ya kumfikia ng'ombe wa mwisho, ndilo dume hilo.

"Ndiyo maana kiliwahi kumaliza," mwenzangu akaninong'oneza.

Nikaliandika kwa kalamu, nikiomba radhi. Yule mama akanikabidhi kamba nilishike wakati linachomwa sindano. Lilinikanyaga mguu, na watu wote wakacheka isipokuwa dume.