Viputo vya Siku ya Tatu

Maabara nzima tulimwita Shangazi, hata Daktari aliyekuwa mkubwa wake kazini. Aliajiriwa kuosha chupa, na baada ya miaka kumi na nane yeye ndiye aliyetengeneza chipu: kipande cha plastiki laini kilichobandikwa juu ya kioo, kidogo kuliko kiberiti, chenye vijifereji vitatu vyembamba kama uzi. Katika kijifereji cha kati alipanda seli za uvimbe wa saratani. Katika vile vya pembeni pampu ilisukuma maji ya lishe polepole, kama damu ipitavyo mwilini, ili dawa ijaribiwe pale kabla ya kumfikia mtu.

Seli zenyewe zilitoka kwa mgonjwa mmoja ambaye sasa ni marehemu. Vilikuwa vichupa vitatu kwenye friza, na visingeongezeka. Viwili vilikwisha kuharibika kwa namna ile ile: siku ya tatu kiputo cha hewa hujikita kwenye kona ya kijifereji kama mgeni asiyejua kuaga, lishe ikakwama, seli zikafa.

Shangazi alibadilisha mirija. Akabadilisha sindano ya kutobolea matundu. Akakaza viungo mpaka ncha za vidole zikamvimba. Nyumbani mumewe alimcheka.

"Unagombana na hewa, mke wangu? Hewa haina kwao, utaishtaki wapi?"

"Nyamaza wewe, unywe chai yako."

Kichupa cha tatu kilipandwa Jumatatu, kikatoa chipu sita. Jaribio lilitaka zote sita ziwe hai hadi siku ya saba: tatu zipewe dawa, tatu zisipewe.

"Shangazi, hiki kikienda tumefunga duka," Daktari alimwambia.

Alhamisi asubuhi chupa za lishe zilizounganishwa na chipu zilikuwa zinakauka, kama kila siku ya tatu, akaanza kuzijaza. Alikuwa na sheria yake: lishe haitoki kwenye friji mpaka dakika ya kutumika. Aliwahi kuona lita nzima ikiharibika kwa sababu mtu aliisahau mezani, na tangu hapo hakumwamini mtu wala meza. Alijaza nne, akazirudisha pamoja na chipu zake kwenye kabati la joto. Kabla ya kushika ya tano simu ya ofisini ikalia. Alikuwa mtu wa stoo, anataka idadi ya glavu, na hakuwa na haraka hata kidogo.

Aliporudi, nusu saa ilikwisha kupita na chupa kubwa ya lishe aliyoitoa kwenye friji ilikuwa bado mezani. Ndani ya chupa, kwenye kuta zake, viputo vidogo vidogo vilikuwa vimejipanga, kama kwenye glasi ya maji ya friji iliyoachwa ipoteze ubaridi. Shangazi alisimama akivitazama. Maji baridi hubeba hewa. Yakipata joto huitema.

Alifungua kabati. Katika zile chipu nne viputo vilishafika kwenye kona. Mbili ambazo hakuzigusa zilikuwa safi.

"Daktari, njoo. Ni mimi."

"Umefanya nini?"

"Nimezilisha baridi. Mara zote tatu. Nimeziua kwa uangalifu wangu."

Daktari aliinama kwenye hadubini, chipu moja baada ya nyingine. "Nne ndiyo basi tena. Na mbili hazithibitishi kitu."

"Moja tuipe dawa, moja tuiache."

"Hilo si jaribio, Shangazi. Hiyo ni bahati nasibu."

"Miaka yote hii nawagombeza watoto wa watu wasiache kitu mezani!" Alivua glavu akaitupa kwenye ndoo, akaikosa, akaenda kuiokota.

Zile mbili alizijazia lishe iliyokaa saa mbili kwenye joto. Siku ya saba zilikuwa hai, seli zimejaa ukingo hadi ukingo, nzuri kuliko zote tulizowahi kupanda. Daktari alizisifu, kisha akamwambia azitupe, kwa kuwa kabati lilihitajika kwa kazi nyingine.

"Kesho," alisema Shangazi.

Kesho yake aliulizwa tena, akajibu vilevile, akaongeza lishe.