Shule Tulizoziomba Maji

Kuna duka la kamba karibu na soko la Kongowea ambalo hadi leo nikilipita hupunguza mwendo. Sina haja ya kamba. Ni harufu tu. Mkonge mkavu unanukia kwa upole, kama majani yaliyoanikwa juani, lakini mimi nikiunusa hukumbuka harufu yake nyingine, ile ya maganda mabichi yanayooza, kali, chachu, inayokaa kooni. Ndiyo iliyokuwa hewa yetu Kisauni miaka ile ya Vita vya Pili. Baba alikuwa fundi wa mashine ya kuchambua mkonge, na kila jioni Mama alimsimamisha uani aoge kwanza ndipo aingie ndani. Wageni waliziba pua. Sisi tuliozaliwa pale tulijua kuna mkonge siku ambayo harufu ilikosekana.

Katika harufu hiyo ndimo nilimotafutiwa shule, na namna nilivyotafutiwa sijasikia mtoto mwingine akitafutiwa hivyo.

Kwanza niwaambie kuhusu mkono wangu. Mimi ni mashoto. Kwetu hilo halikuwa jambo dogo, maana mkono wa kushoto una kazi zake, na kazi hizo hazitajwi mbele ya wageni. Huli kwa mkono huo, hupokei kwa huo, humpi mtu kitu kwa huo ila uwe umekusudia kumtukana. Haya yote niliyajua na niliyafuata. Nilikula kwa kulia, nilisalimia kwa kulia. Lakini nikishika kitu cha kuchora, hata kijiti cha kuchorea mchangani, mkono wa kushoto ulitangulia kabla sijaufikiria. Mwalimu wa chuo, tulikosomea Kurani, alikuwa mzee mwenye macho mabovu, na nadhani hilo ndilo lililoniokoa. Niliandika alifu na be kwa kushoto pembeni mwa msala, naye akipita akiuliza tu, "Tayari?" nami nikijibu, "Abee, tayari."

Aliyekuwa na macho mazima ni Shangazi Mwanakombo, dada mkubwa wa Baba. Alipogundua, alichana ukingo wa kanga kuukuu, akaufunga mkono wangu wa kushoto na kuubana kiunoni, akasema mti hupindwa ungali mche. Kila asubuhi nilipita kwake nifungwe. Hakuwa mkatili. Alifunga huku akinipa kaimati, moja baada ya nyingine, mpaka mashavu yakanijaa. Aliona ananiepusha na aibu ya ukubwani.

Shangazi alikuwa na kazi moja mtaani ambayo hakuna aliyempa, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Binti akiposwa, kabla wazazi wake hawajajibu, humtuma Shangazi kwa kina mwanamume. Haendi kuuliza kitu. Huenda kama mpita njia aliyeshikwa na kiu, akapiga hodi, akaomba maji. Kisha akawa macho tu: nani aliyeinuka kuyaleta, aliinuka kwa hiari au kwa kufokewa, kata imesuuzwa au haikusuuzwa, mtungi umefunikwa au umeachwa wazi, na aliyeleta alimtazamaje mtu asiyemjua. Hupiga funda moja, akashukuru, akaondoka. Posa zilivunjika kwa funda hilo, na ndoa nyingine zilizodumu hadi wajukuu zilikubaliwa kwa hilo hilo. "Nyumba haiulizwi tabia," alizoea kusema. "Nyumba huombwa maji."

Basi Baba alipokubali nisome, na kukubali kwenyewe kulikuwa habari, kwani mtoto wa kike kupelekwa shule mtaani kwetu kulizungumzwa kama kupatwa kwa mwezi, aliweka sharti. "Nikimpeleka mtoto wa kike shule," alisema, "nimpeleke shule inayoonekana." Alikuwa ameshaichagua. Ilikuwa kisiwani, ng'ambo ya daraja la Nyali, imeezekwa mabati, ina kengele ya shaba na upande wa wasichana wenye ukuta wake. Karibu na nyumbani kulikuwa na shule nyingine isiyo na jina, ambayo watu waliiita Kwa Mwalimu Kazungu. Wazee wa mtaa, Waislamu na Wakristo, walikuwa wameijenga kwa miti na udongo na kuiezeka makuti. Baba aliipita kila siku akienda kazini, na hakuwahi kuigeuzia shingo.

Mama hakubishana naye. Mama hakuwa mtu wa kubishana. Alisema tu kwamba mtoto akiolewa hutazamiwa nyumba kwa makini, na shule nayo ni nyumba, tena ataingia humo angali mdogo zaidi. Itakuwaje, aliuliza, wifi asiende kuziomba maji? Baba alicheka hadi akakohoa. Shangazi hakucheka. Aliona ni jambo la akili, akashangaa kwa nini halikusemwa mapema.

Tukaenda kisiwani kwanza. Daraja lile lilielea juu ya bahari, na malori ya askari yalipopita mbao zote zililia na kuinuka, nami nilimng'ang'ania Mama kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa kiunoni. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri. Alikuwa mtu nadhifu, viatu vyake vinang'aa, na alizungumza na Shangazi kwa heshima zote. Aliona ule ukingo wa kanga, akauliza. Alipoelezwa alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hapo kwake mkono huo utakuwa umenyooka kabla ya mwezi kuandama. Shangazi alitabasamu. Nilimwona ameshaichagua. Nyumbani nilifungwa asubuhi na kufunguliwa adhuhuri, tena kwa kaimati. Hapa nilielewa kwamba mkono huo hautafunguliwa tena.

Ndipo Shangazi akasema anahisi kiu.

Aliitwa msichana mmoja wa darasa la juu, mkubwa kwangu kidogo. Akaleta maji katika bilauri safi, juu ya sahani, na alipomfikia Shangazi akampa bilauri kwa mkono wa kushoto.

Shangazi aliitazama bilauri kama mtu aliyeletewa mjusi. Akamuuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyemfunza kumpa mkubwa maji kwa mkono huo. Msichana alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa amejikunyata, ameuficha mkono wa kulia katika mikunjo ya gauni.

Mama, ambaye tangu tuingie hakuwa amesema zaidi ya salamu, akasema taratibu, "Wifi, hebu utazame huo wa kulia."

Shangazi aliunyosha mkono wake, na yule msichana akautoa wa kwake polepole. Kiganja kilikuwa kimevimba, kina michirizi miwili iliyovilia damu, na vidole havikunjiki. Mwalimu mkuu alieleza, bila kuinua sauti, kwamba binti alikosea hesabu asubuhi. Alieleza kama mtu anavyoeleza kwamba mvua ilinyesha.

Desturi ya Shangazi ilikuwa funda moja. Siku hiyo aliipokea bilauri kwa mikono yote miwili, akanywa mpaka tone la mwisho, akairudisha na kumwambia yule msichana, "Mungu akukuze, mwanangu. Umenipa maji vizuri." Kisha tukatoka. Njia nzima, daraja zima, Shangazi hakufungua kinywa, na hilo Mama alisema baadaye lilimtisha kuliko malori.

Msidhani kwamba alikwisha geuka. Siku iliyofuata tulipokwenda Kwa Mwalimu Kazungu alitembea kwa mwendo wa mtu anayekwenda kutafuta kasoro. Alianza kuzihesabu tangu njiani: makuti yamelegea, uwanja una mbuzi, watoto wanapiga kelele. Na kweli walikuwa wakipiga kelele, lakini tulipofika mlangoni tuliona ni kelele za kubishana kuhusu jibu. Mwalimu hatukumwona. Alikuwa chini ya benchi, amepiga magoti, anaweka kijiwe chini ya mguu wake mmoja ili lisiyumbe. Alitoka na vumbi magotini, kijana mwembamba wa Kigiriama, akamwamkia Shangazi shikamoo kabla hajajipangusa.

Shangazi aliitikia marahaba na hapo hapo akaomba maji. Hakungoja hata kiti.

Watoto watatu waliinuka pamoja, wakasukumana, wa kwanza akaupata mtungi. Aliinua kifuniko, akaisuuza kata, akamwaga yale ya kusuuzia juu ya mche wa mpapai, akachota, akaja akapiga goti na kuyatoa kwa mikono miwili. Shangazi alipiga funda moja. Kisha, jambo ambalo hata kwenye nyumba za posa hakulifanya, aliinuka akaenda kuchungulia ndani ya mtungi wenyewe. Akarudi akaketi. Nilimjua vya kutosha kujua kwamba hakuona kiluwiluwi hata kimoja, na kwamba jambo hilo lilimuudhi kidogo.

Mwalimu alinipa kibao na kalamu yake ya jiwe, akaniambia nimwandikie chochote ninachokijua. Nikashika kwa kulia. Mistari ikatoka kama njia ya konokono.

Mwalimu alikitazama kibao, akaitazama ile kanga kiunoni, akaniuliza mimi, si wakubwa wangu, "Na huu mwingine haukualikwa?"

Shangazi ndiye aliyejibu. Alisema mkono huo umefungwa kwa sababu, na sababu yenyewe ni adabu.

"Adabu yake nimeiona, mama," Mwalimu alisema. "Amenisalimia kwa kulia, na kibao amekipokea kwa kulia. Hayo mmemfunza nyumbani, nami siwezi kuyafunza vizuri kuliko nyinyi. Lakini kalamu si tonge."

Watoto walicheka. Mama aliinamisha kichwa. Nami nikasubiri, kwa kuwa sikuwahi kusikia mtu akimjibu Shangazi na kubaki na hadhi yake. Kijana, tena si wa dini yetu, tena mbele ya watoto. Shangazi angeweza kuinuka na kuondoka, na mimi ningerudi kisiwani kwenye ile bilauri na sahani yake.

Aliniita, "Rukia."

"Abee, Shangazi."

"Njoo."

Fundo alikuwa amelikaza sana asubuhi ile. Vidole vilimshinda, akainama akalifungua kwa meno.

Niliandika jina langu kwa herufi za chuoni, kutoka kulia kwenda kushoto, mkono ukitangulia na maneno yakifuata nyuma yake safi. Sikufuta hata nukta. Mwalimu alikigeuza kibao huku na huku, kisha akakiri mbele ya darasa zima kwamba herufi hizo hazijui, akampa Shangazi kibao na kumwomba awasomee. Shangazi alikishika mbali kidogo na macho, kama watu wazima wafanyavyo. Akasoma, "Rukia binti Salimu." Akasoma tena, safari hii kwa sauti iliyofika nyuma ya darasa.

Jioni Baba aliuliza majibu kabla hajamaliza kuoga. Shangazi alimjibu kutoka barazani kwamba mwanawe ameshapata kwao, ni Kwa Mwalimu Kazungu. Baba alitoka na sabuni masikioni. Na mabati? Na kengele? Watu kazini watasemaje? "Waambie dadako amekunywa maji," Shangazi alisema, "na anayetaka kubisha aje hapa nimwombe yake." Hakuna aliyekuja.

Nilikaa mwisho wa benchi upande wa kushoto, ili kiwiko changu kisimsumbue jirani. Mwalimu Kazungu alinionyesha namna ya kukilaza kibao mshazari nisifute kwa kiganja herufi za kizungu nilizokwisha kuziandika. Nilikosea hesabu mara nyingi sana, na kila nilipokosea niliitwa mbele nionyeshe nilipopotelea. Ulipofika mtihani wa darasa la nne, shule ile ya makuti ilipasisha kuliko ilivyotarajiwa na mtu yeyote, na jina langu lilisomwa la kwanza. Vigelegele vya Shangazi vilimtorosha mbuzi uwanjani. Baba, siku hiyo, aliipita shule akienda kazini, akasimama, akaamkiana na kila aliyemwona, hata wasiomjua, akiwaambia hapo ndipo anaposoma binti yake. Alichelewa kazini na hakujali.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama ya ushindi wangu, kisha nikaisimulia kama ya ushindi wa Shangazi, maana si wengi wanaoweza kulifungua hadharani fundo walilolifunga wenyewe. Yote mawili ni kweli. Lakini nilikuwa mama mwenye watoto wangu, Shangazi ametangulia mbele ya haki, ndipo siku moja nikamtajia Mama sifa za yule mwanamke aliyejua kusoma nyumba kwa maji. Mama alikuwa anakuna nazi. Akacheka peke yake mpaka akaiweka mbuzi ya nazi kando.

Akaniambia kwamba kabla ya safari ile alikuwa ameshakwenda shule zote mbili peke yake, akaomba maji, akaona aliyoyaona. Alikuwa amechagua. Lakini neno la mke, Baba angelipima, na neno la dada mkubwa asingelipima. Na wifi naye, ukimwambia, angekataa, kwa hivyo ilibidi aonyeshwe, tena kisiwani kwanza.

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kusema, hata baada ya mtihani, hata Baba alipokuwa akimsifu dada yake mtaa mzima.

"Niseme nini?" alisema, akavuta mbuzi karibu na kuchukua kizio kingine cha nazi. "Wewe si ulikuwa unasoma?"