Bia Chachu ya Mjomba

Mjomba wangu ni fundi wa mapipa, na ubishi kazaliwa nao. Wenzake wanapika bia kwa hamira ya dukani. Yeye? Thubutu! Alipika yake, akaiacha wazi usiku kucha chini ya dirisha la stoo alilolifungua ili hamira ya hewani ijiingilie yenyewe, kisha akaimimina kwenye pipa kuukuu la mvinyo. Tukangoja miaka miwili.

"Mvumilivu hula mbivu, mpwa wangu," alinijibu kila nilipouliza.

"Na anayekufa kabla?"

Jumapili hii akalifungua pipa. Nilipoonja, meno yaliingia ganzi kama nimeng'ata ndimu. Halafu ikaja ladha ya zabibu, na ya mbao, na ya ghala lililonyeshewa mvua. Hasira zangu zote za kungoja zikaniisha, nikanyoosha glasi tena.

"Mnaona?" Mjomba akavimba kichwa. "Hiyo ndiyo kazi ya dirisha langu!"

Mkewe akapiga funda, akafumba jicho moja kwa ukali wa bia. "Dirisha lipi, baba? Na mbu wote wale? Usiku ule ulipokwenda kulala tu, nikalifunga."

Nikajua leo patachimbika. Mjomba akaitazama glasi, akamtazama mkewe, akaonja tena taratibu.

"Kumbe," akasema, "ukali wote huu umetoka humu humu ndani ya nyumba."

Mkewe akacheka, akamsogezea glasi yake.

"Basi nimiminie. Nusu ya ukali huo ni wangu."